Wenzi wa Safari: Historia ya Mikusanyiko ya Wavukaji na Nafasi ya Kiswahili katika Petite Barrière, Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watu wanaoshiriki safari moja wanavyojikusanya na kujiwekea taratibu za kusaidiana, kuanzia misafara ya karne ya 19, kupitia sitaha za meli za maziwa, hadi kivuko cha waendao kwa miguu cha Petite Barrière kati ya Gisenyi na Goma. Hoja kuu ni kwamba katika ukanda wa Maziwa Makuu mkusanyiko wa wasafiri umekuwa asasi kamili, yenye mfuko, kanuni na lugha yake, na kwamba Kiswahili kilidumu Gisenyi kwa sababu ndicho kilichoendesha asasi hiyo. Makala yanaonesha jinsi kufungwa kwa mpaka mwaka 2020 kulivyodhihirisha thamani ya mikusanyiko hiyo, na yanapendekeza namna sera za lugha na za mipaka zinavyoweza kuizingatia.

1.0 Utangulizi

Katika meli kubwa za utalii zinazozunguka bahari za dunia, kampuni huajiri mtu ambaye kazi yake ni kuwakutanisha abiria. Yeye hupanga karamu, michezo, ngoma na vikundi vya mazungumzo, ili watu waliopanda bila kujuana washuke wakiwa wamefahamiana. Mpangilio huo unatokana na ukweli ambao kila msafiri anaujua: watu waliofungiwa katika chombo kimoja kwa siku kadhaa hawawezi kuendelea kuwa wageni kwa wageni. Ama watajengeana ujamaa, ama watavumiliana kwa taabu.

Swali la makala haya ni hili: pale ambapo hapana kampuni wala mwajiriwa wa kuwakutanisha wasafiri, nani huifanya kazi hiyo, kwa manufaa gani, na kwa lugha ipi? Mfano unaochunguzwa ni Petite Barrière, mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Kati ya Gisenyi na Goma kuna vivuko viwili vikuu. Grande Barrière, iliyo karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, hutumiwa zaidi na magari. Petite Barrière, iliyo ndani kidogo na inayopakana na mtaa wa Birere upande wa Goma, ni ya waendao kwa miguu. Makadirio yaliyotolewa mara kwa mara kabla ya mwaka 2020 yalizidi wavukaji 40,000 kwa siku, wengi wao wakiwa wanawake wafanyao biashara ndogo ya nyanya, vitunguu, viazi, maharage, maziwa, mayai na matunda.

Huenda msomaji akapinga kwamba hao si abiria, kwa kuwa safari yao ni ya hatua mia chache. Pingamizi hilo linasahau marudio. Watu hawa huvuka asubuhi na kurudi jioni, saa zilezile, katika foleni ileile, mwaka baada ya mwaka. Abiria wa baharini hukaa pamoja wiki mbili na kuagana. Wavukaji wa Petite Barrière hukaa pamoja nusu ya umri wao. Ukijumlisha dakika zao za foleni utapata safari ndefu kuliko nyingi zilizoandikwa katika vitabu vya historia.

2.0 Kambi na Utani: Urithi wa Misafara

Historia ya Afrika Mashariki imeieleza misafara ya karne ya 19 kwa jicho la bidhaa: pembe za ndovu zilizokwenda pwani, na nguo na shanga zilizokwenda bara. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyechunguza wapagazi wa njia ya kati kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ametuelekeza kuwatazama watu wenyewe. Wapagazi hawakutembea kama kundi lisilo na umbo. Walijigawa katika kambi, yaani vikundi vidogo vya watu waliopika chungu kimoja, waliolala pamoja na kutazamana mizigo. Juu yao alikuwapo mnyampara, na mbele kabisa kirangozi. Bila kambi, mpagazi aliyeugua njiani alikuwa mtu wa kuachwa.

Katika njia hizohizo ndipo utani baina ya makabila ulipopanuka. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walijengeana uhusiano wa mzaha ulioruhusu mtu kumkejeli mwenziwe hadharani bila kuvunja heshima. Mzaha huo ulikuwa na upande mzito: mtani alikuwa na wajibu msibani. Mtu akifia mbali na kwao, mtani ndiye aliyeshughulikia maziko. Kwa hiyo lililoonekana kuwa gumzo la kupitisha muda lilikuwa pia bima ya maisha, na hata ya kifo.

Mambo mawili yanafaa kushikwa hapa. La kwanza ni kwamba mkusanyiko wa wasafiri ulipangwa na wasafiri wenyewe, kutoka chungu hadi kaburi. La pili ni kwamba uliendeshwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa Mswahili kwa kuzaliwa. Masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 yanathibitisha kwamba kufikia wakati huo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kusimulia njia.

3.0 Sitaha na Ngoma

Rwanda haikuwamo katika mtandao huo kikamilifu. Chini ya Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, wafanyabiashara wa pwani hawakupewa nafasi ya kuingia watakavyo kama ilivyokuwa Ujiji au Buganda. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akaonana na Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu. Baadaye jina lake lilipewa meli iliyojengwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa, ikarejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Liemba inatufaa kwa sababu inaonesha namna mkusanyiko wa wasafiri ulivyohama kutoka njia ya miguu hadi chombo cha majini. Katika safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu, meli hii ilisimama katika vijiji vingi visivyo na gati. Mitumbwi iliisogelea ubavuni, na biashara ya dagaa, nanasi na mahindi ilifanyika kwa kurushiana na kupokezana. Abiria wa daraja la chini walitandika mikeka na khanga, wakaelewana nani alinde mizigo na nani ashuke kununua chakula. Hapakuwa na aliyeajiriwa kuwakutanisha. Haja ndiyo iliyokuwa mwandalizi. Haja hiyo ilionekana kwa uchungu mwezi Mei 2015, meli hii ilipowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma.

Sambamba na meli zilikwenda ngoma. Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, alifuatilia beni kutoka miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 hadi bara. Vyama vya beni, Marini na Arinoti vikiwa mashuhuri zaidi, vilikuwa na vyeo, sare, michango na mashindano. Vilisambaa pamoja na askari, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na wafanyakazi wahamaji, vikafika hadi Katanga. Mgeni aliyeingia mji asioujua alitafuta wenzake wa beni, akapata mahali pa kulala na watu wa kumzika. Watawala wa kikoloni waliishangaa beni, wengine wakaishuku, kwa sababu waliona gwaride lakini hawakuuona mfuko. Hitilafu hiyo ya macho, ya kuona tafrija na kutoona asasi, itajirudia katika historia ya mpaka.

4.0 Mpaka Unapochorwa

Makubaliano ya mwaka 1910 baina ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza yaliweka mpaka kati ya Rwanda na Kongo mahali ambapo Gisenyi na Goma zilikuwa vituo viwili vinavyotazamana. Baada ya mwaka 1916 pande zote mbili zilikuwa chini ya Wabelgiji, na sheria ya mwaka 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Mpaka ulibaki, lakini ulivukwa kwa makundi. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia Wanyarwanda wengi Masisi, na familia nyingi zikawa na jamaa pande zote mbili.

Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na askari, watumishi na wachuuzi wa wakati wa Wajerumani. Utawala wa Wabelgiji ulikitazama kwa mashaka, kama lugha ya Waislamu na watu wa mjini waliotengewa mitaa yao. Katika Kinyarwanda, kumwita mtu Mswahili kulikuja kubeba maana ya mjanja asiyeaminika. Shule ziliendelea na Kinyarwanda na Kifaransa. Kwa mizani ya kawaida ya sera ya lugha, yaani shule, dini kubwa na ofisi, Kiswahili kilipaswa kufifia Gisenyi. Hakikufifia. Upande wa pili wa kizuizi kulikuwa na mji unaozungumza Kiswahili cha Kongo, na kila aliyetaka kuuza alihitaji mwenzi upande huo.

Baada ya uhuru, viongozi wa Burundi, Rwanda na Zaire walikutana Gisenyi, na tarehe 20 Septemba 1976 wakatia saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Makao yake yaliwekwa mjini humo. Hati za kusafiria za Jumuiya hiyo ziliurahisisha uvukaji. Lakini ni wavukaji wenyewe walioujaza ujirani huo maudhui.

Haifai kuiandika historia hii kana kwamba ni ya maelewano tu. Mwezi Julai 1994, katika siku chache, watu wanaokadiriwa kufikia 850,000 walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma. Neno lenyewe, bariyeri, ambalo Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma vilikopa kutoka Kifaransa, lilikuwa miezi hiyo jina la vizuizi vya barabarani ambako Watutsi waliuawa wakati wa mauaji ya kimbari. Mtu anayesema leo kwamba anakwenda bariyeri kuuza nyanya anatumia neno lililobeba yote hayo. Kwamba imani baina ya wavukaji ilijengwa upya, kidogo kidogo, mahali penye jina hilo, ni jambo ambalo takwimu za biashara haziwezi kulieleza.

5.0 Mkusanyiko wa Wavukaji Ulivyo

Kitovu cha mkusanyiko wa wavukaji ni mfuko wa kupeana. Upande wa Rwanda huitwa ikimina. Upande wa Kongo huitwa likelemba. Msomaji wa Dar es Salaam atautambua kuwa ni upatu au mchezo. Kila mwanachama hutoa kiasi sawa kwa kila kikao, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Mara nyingi sehemu ndogo hutengwa kwa ajili ya uzazi, arusi, ugonjwa na msiba. Hesabu yake si nyepesi, kwa kuwa mpakani hutumika faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani kwa pamoja, na kikundi lazima kikubaliane juu ya thamani ya ubadilishaji kabla ya kukubaliana juu ya zamu.

Kikao kina shughuli ya pili, nayo ni habari. Ni wapi viazi vimeshuka bei? Ushuru gani umeongezwa bila kutangazwa? Mnunuzi gani wa Birere hulipa, na yupi huahidi? Shughuli ya tatu ni furaha. Wanachama hula pamoja, huchangia sherehe za mwenzao na huvuka kwa kundi kwenda arusini au msibani upande wa pili. Mtafiti akitenganisha shughuli hizi tatu atapotoka. Mkopo hutolewa kwa mtu aliyeonekana msibani. Asiyehudhuria furaha wala huzuni za wenzake hana dhamana.

Vilevile wapo wavukaji wenye ulemavu, wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu kubeba shehena kubwa. Wao hutegemea wenzi zaidi ya wote: wa kusukuma, wa kupakia, na wa kugawana malipo. Kazi ya kuvukisha ni ya kikundi kwa asili yake.

Lugha ya mikusanyiko hii inastahili uchunguzi wa kina kuliko uliofanyika. Kiswahili cha Goma husema batu pale ambapo Kiswahili sanifu husema watu, na humwita ndugu mkubwa yaya, neno ambalo kwa msikilizaji wa Tanzania humaanisha mlezi wa watoto. Mwanamke wa Gisenyi akimwita mwenziwe wa Goma yaya, anajiweka katika nafasi ya mdogo anayestahili kuangaliwa. Akiitwa mama, anapewa heshima na wajibu kwa mpigo mmoja. Istilahi za ujamaa hufanya hapa kazi iliyofanywa na utani katika misafara: humgeuza mgeni kuwa mtu mwenye haki ya kudai na wajibu wa kutoa. Ndiyo maana kitenzi kuvukisha hakimaanishi tu kuhamisha mzigo kutoka nchi hadi nchi. Anayekuvukishia amejitwika dhamana yako.

6.0 Mtihani wa Mwaka 2020

Mpaka huu umezoea kutikisika. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipolipuka, mamia ya maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia Gisenyi, na Mei 2021 maelfu walifanya hivyo tena. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, wavukaji walinawa mikono na kupimwa joto foleni ikisonga. Lakini Machi 2020, kutokana na UVIKO-19, foleni yenyewe ilikoma.

Bidhaa ziliruhusiwa kuendelea, watu hawakuruhusiwa. Njia iliyopatikana ilikuwa kuunganisha mizigo: wafanyabiashara wadogo walijumuisha shehena zao katika lori moja, mzigo ukavuka, na wenzao upande wa pili wakaupokea, wakauza na kurejesha fedha. Kwenye karatasi, huo ulikuwa utaratibu mpya wa forodha. Kwa mtazamo wa kihistoria, ulikuwa kambi ya wapagazi iliyorudi kwa sura ya lori. Ulidai kwamba mtu akabidhi mtaji wake kwa mwingine asiyemwona, katika nchi asiyoweza kuingia, kwa ahadi ya mdomo.

Waliokuwa na vikundi na wenzi wa miaka mingi waliweza kutimiza sharti hilo. Waliokuwa wakivuka peke yao, hasa wachuuzi wa beseni moja wanaouza kwa kutembea, hawakuwa na wa kumkabidhi. Wengi walikula mitaji yao. Waswahili husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 2020 methali hiyo ilikuwa mstari halisi kati ya familia iliyoendelea kula na iliyokosa. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu Machi 2022. Mwezi Juni mwaka huohuo, baada ya tukio la risasi katika Petite Barrière yenyewe, Kongo ilianza kufunga upande wake saa tisa alasiri. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Goma, na masharti ya kuvuka yakabadilika tena. Kila mabadiliko ya saa na hati huangukia kwanza mikusanyiko hii, ambayo hulazimika kuyatafsiri kwa wanachama kabla ya alfajiri.

7.0 Mafunzo kwa Sera

Mwaka 2017 Rwanda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pande zote mbili za kizuizi sasa zimo katika Jumuiya hiyo, na Kiswahili kina hadhi kisheria pande zote mbili, kwa kuwa Kongo inakitambua kama mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, taarifa za mpakani zitolewe kwa Kiswahili kinachosikika, si kinachosomeka tu. Mikusanyiko ya wavukaji huendeshwa kwa mdomo. Tangazo la ushuru au la saa za kufunga lisomwe mbele ya viongozi wa vikundi, kwa maneno yanayoeleweka Gisenyi na Goma, na maswali yao yajibiwe hapohapo. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa COMESA hauwezi kuwa rahisi kwa mtu asiyeelezwa kwa lugha anayoitumia kuhesabu.

Pili, vikundi vishauriwe kabla ya mpaka kufungwa au saa kupunguzwa. Tahadhari inahitajika hapa. Serikali ikiviandikisha vikundi vyote na kuvigeuza kuwa tawi lake, itaharibu kile inachotaka kukitumia, kwa maana nguvu yake imo katika hiari. La muhimu zaidi ni kumfikiria asiye na kikundi. Mpango wowote wa dharura unaopita katika vikundi utamwacha nje mchuuzi wa beseni moja, kama ilivyotokea mwaka 2020. Ni lazima awekewe mlango wake.

Tatu, vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili vikusanye msamiati wa uvukaji kama ulivyo. Mwelekeo wa kawaida umekuwa kuunda istilahi za forodha katika miji mikuu na kuzipeleka mipakani. Maneno ya mfuko wa kupeana, ya dhamana na ya ubadilishaji wa fedha tayari yapo mpakani, yamejaribiwa kwa fedha za watu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha mfululizo kutoka kambi ya wapagazi, kupitia sitaha ya meli na chama cha beni, hadi mfuko wa wavukaji wa Petite Barrière. Mahali na vyombo vimebadilika, lakini kanuni imebaki: wasafiri hujipangia wenyewe mkusanyiko unaochanganya chakula, habari, mkopo na maziko, na huuendesha kwa lugha isiyo mali ya upande mmoja. Kiswahili kiliishi Gisenyi, kikipita kando ya shule na licha ya dharau, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kuwa na mwenzi ng'ambo ya pili. Hadhi rasmi ya mwaka 2017 ilikikuta kazini. Wajibu wa watafiti na washauri wa sera sasa ni kuhakikisha kwamba hadhi hiyo inamfikia mwanamke aliye katika foleni saa kumi na mbili asubuhi, beseni kichwani, akisubiri kizuizi kiinuliwe.